Uliza Afande: Pete kwenye Michungwa, Msumari kwenye Moyo wa Ng'ombe

Wasomaji wangu, salamu kutoka Bombo. Mwezi uliopita nilimjibu mama mmoja wa hapa Luweero aliyepoteza hereni kwenye shamba la mananasi. Nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba tuliitafuta kwa detekta, ile mashine inayosikiliza vyuma vilivyofichwa na udongo, na kwamba tulichimbua maganda 11 ya risasi za vita vya 1981 hadi 1986 kabla hereni haijaonekana. Mstari huo mmoja umeniletea barua kutoka Serere, Busia, Nakasongola, Nwoya na Kasese. Maswali ya ndoa na ya mikopo yatasubiri mwezi ujao.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nilikuwa polisi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimaliza kwenye kikosi cha kutegua mabomu ya ardhini. Nilianzia Agoro, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, kisha nikapelekwa Kasese chini ya Rwenzori. Mashine tulizobeba ni za ukoo mmoja na ile aliyoibuni ofisa wa Poland, Józef Kosacki, mwaka 1941, ambayo mwaka uliofuata ilisafisha njia za wanajeshi kule El Alamein, Misri, katika Vita vya Pili vya Dunia. Desemba 2012 Uganda ilitangaza kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini katika maeneo yaliyojulikana. Nikarudi nyumbani na masikio yaliyozoea kusikiliza udongo, na tangu hapo watu huniita kutafuta pete, funguo na majembe.

*Shikamoo Afande. Nina ekari mbili za machungwa hapa Serere. Wiki tatu zilizopita tulivuna, watu tisa, na jioni nilipokuwa nanawa nikaona kidole kitupu. Ni pete yangu ya ndoa, dhahabu, nyembamba. Mume wangu hajasema neno, lakini mama mkwe ananitazama mkono kila nikipakua chakula. Kuna kijana Soroti ana detekta, anataka shilingi 150,000 kwa siku. Nimwite? — Mama wa Machungwa, Serere*

Marahaba, mwanangu. Utamwita, ila bado. Kabla hajapanda boda kuja kwako, toa amri moja nyumbani: jembe lisiguse shamba hilo, wala plau, wala reki. Pete ya wiki tatu haijazama. Iko juu, kati ya majani makavu, au chini kidogo tu, kina cha kucha ya kidole. Anayeizamisha pete ni sisi wenyewe. Plau ya ng'ombe ikipita mara moja inaigeuza na kuilaza sentimita 15 chini, na huko pete nyembamba iko kwenye mwisho wa masikio ya detekta nyingi za bei ya kawaida. Reki nayo huiburuta kutoka mti huu hadi mti wa tano, na kumbukumbu yako yote ya siku ile haitakusaidia tena.

Na kumbukumbu ndiyo ninayoitaka kwanza. Chemsha chai, waite wale wanane mliovuna nao, mkae palepale chini ya miti. Mlianzia mstari gani? Mvua iliwakuta wapi? Magunia yalipangwa wapi, jerikeni ya maji ilikaa wapi, mlikula kwenye kivuli cha mti upi? Wewe mwenyewe, mara ya mwisho uliiona lini? Usiniambie jioni, jioni ndipo ulipokosa kuiona. Asubuhi ya umande vidole husinyaa kwa baridi, na pete iliyokaza saa nane mchana huwa imelegea saa moja asubuhi. Katika pete saba nilizowahi kuzitoa mashambani, tano zilikuwa mahali ambapo mtu alisimama kufanya jambo jingine kabisa: kunawa, kumenya chungwa na kukung'uta maji mkononi, kuvua glavu, kuchomoa mkono kwenye gunia kwa haraka. Mwalike na mama mkwe kwenye hiyo chai. Kama huitazama mikono yako wakati wa kupakua, huenda anajua ni siku gani hasa alianza kukosa kuiona.

Halafu pekueni vilivyotoka shambani: magunia matupu yakung'utwe juu ya shuka, glavu zigeuzwe ndani nje, na aliyenunua machungwa apigiwe simu. Binti mmoja wa Kayunga tulimtafutia siku mbili nzima juani, na pete ilikuwa ndani ya kidole cha glavu iliyotundikwa jikoni.

Mkishamaliza hayo, mwite kijana. Kama mlipanda futi 20 kwa 20, ekari mbili zina miti zaidi ya 200, na hakuna mtu anayeweza kuzipitia vizuri kwa siku moja. Kwa hiyo mpe sehemu tatu au nne ambazo chai imezitaja, aanzie hapo. Majani yafyekwe mafupi kwanza, kwa panga na kwa uangalifu. Kisha fungeni kamba za katani kati ya shina na shina, mpate vichochoro vya upana wa mita moja. Ndivyo tulivyofanya Agoro, na huko kuruka sehemu ya upana wa kiganja kulikuwa na maana nyingine. Sahani ya detekta ipite karibu na ardhi, imelala sawa, polepole, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Mwangalie mwishoni mwa kila mpito: watu wakichoka huinua mkono kama wanaofagia, na pale sahani inapoinuka ndipo kitu kinapobaki.

Kijana akikuambia ataiwekea mashine isilie kwa foili, mkatalie. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha foili huifikia mashine kwa sauti zinazofanana sana, na ukiiambia iipuuze foili umeiambia iipuuze pete yako. Shamba la machungwa limejaa vipakiti vya dawa za kupulizia na karatasi za vidonge. Mtachimba vyote. Azimeni pete inayofanana na yako, ifungwe uzi mrefu mwekundu ili isipotee nayo, ifukieni kina cha vidole viwili, halafu vinne, halafu kiganja kizima, na kila mara kijana aisikilize. Baada ya nusu saa masikio yake yatajua pete inasemaje kwenye udongo wa kwenu. Udongo wenu wa Teso una mchanga mwingi, na huo ni rafiki wa kazi hii.

Machungwa mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu. Mkisikia mlio, kateni ulimi mdogo wa udongo kwa kisu pande tatu, ufunueni kama kifuniko, pekueni kwa vidole, kisha urudisheni na mkanyage. Karibu na shina msipeleke chuma kabisa. Jeraha la pale huingiza ugonjwa wa kuoza, na mtakuwa mmepata pete mkapoteza mti.

Kuhusu malipo, mimi ningeandikiana naye kwenye karatasi: nusu kwa siku ya kazi, nusu pete ikipatikana, na chochote kitakachotoka ardhini kionyeshwe mwenye shamba. Usiandike barua nyingine kabla hujaketi na hiyo chai.

*Afande, nilinunua detekta kwenye duka moja Kampala kwa shilingi 480,000. Muuzaji alisema inaona mita mbili chini. Nikiipeleka shamba la mjomba wangu hapa Busia inalia kila mahali, hata kwenye njia tupu. Mjomba anasema ni dhahabu, na amesimamisha kupanda mihogo. Nifanyeje? — Kijana wa Busia*

Kijana wangu, mwambie mjomba apande mihogo yake, mvua isimpite.

Nikueleze inachokisikia mashine yako. Ndani ya ile sahani kuna waya uliozungushwa. Umeme unapita humo ukibadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na unatuma nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, shaba au dhahabu, inaamsha umeme mdogo ndani ya kitu hicho, na kitu kinajibu kwa sumaku yake mwenyewe. Waya wa pili unasikia jibu, nawe unasikia mlio. Sasa udongo mwekundu wa kwenu umepata wekundu wake kutokana na kutu ya chuma. Moramu, changarawe nyekundu ya barabarani, ni hivyo hivyo, tena zaidi. Njia tupu unayoisema, sina shaka ilimwagiwa moramu. Mashine inaijibu ardhi yenyewe, na haikudanganyi. Inalia kwa sababu kuna chuma kila mahali, chuma cha udongo.

Dawa yake ni kuipatanisha na ardhi. Tafuta kipande kisicho na kitu, inua sahani hadi magotini, ishushe hadi karibu na ardhi, inua, shusha, huku ukizungusha kitufe cha udongo mpaka sauti ya juu na ya chini ziwe moja. Ukihamia sehemu nyingine ya shamba, rudia. Kama mashine yako haina kitufe hicho, na za bei hiyo mara nyingi hazina, punguza makali yake, yaani ile nguvu ya kusikia, mpaka inyamaze kwenye udongo mtupu. Utapoteza kina, lakini mlio utakaobaki utakuwa na maana. Kuna mashine za aina nyingine zinazotuma nguvu kwa mapigo mafupi na kusikiliza katikati ya mapigo. Hizo huvumilia ardhi nyekundu vizuri zaidi, ila ni ghali, na nyingi hazikubagulii msumari na pete.

Jikague nawe. Simu mfukoni, panga kiunoni, viatu vya mvua vyenye chuma puani, vyote hivyo vinasikika, na nyaya za umeme zikipita juu yako mashine hupiga kelele yenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta chombo cha kuitafuta risasi mwilini. Kilishindwa, na sehemu ya tatizo ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma. Rais alifariki Septemba mwaka huo. Huwasimulia hivyo vijana wote ninaowafundisha, kisha nawaambia wavue mikanda.

Mita mbili alizokuahidi muuzaji ni za pipa la mafuta, wala sijui kama ni za pipa. Sarafu kwa mashine ya kawaida ni sentimita 15 hadi 25, kwenye udongo mzuri. Alikuuzia maneno, na imenisikitisha, kwa sababu 480,000 ni fedha ya msimu mzima kwa watu wengi wa huko.

Sasa dhahabu. Najua Busia ina dhahabu kweli, na wachimbaji wa Tiira hawahitaji nishuhudie. Lakini dhahabu ile inasagwa kutoka kwenye mwamba, chembe ndogo kama unga, na detekta yako haisikii unga. Hata ingesikia, Katiba yetu, Ibara ya 244, imeyaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri ya Uganda, na Sheria ya Madini ya 2022 inataka leseni kabla ya kuchimba. Kumiliki shamba la mihogo hakumpi mjomba madini yaliyo chini yake. Akitaka kwenda njia hiyo aende ofisi ya madini kwanza, na mihogo iwe imeshaota.

*Mzee, mimi ni mfugaji Nakasongola. Ng'ombe wangu wa maziwa aliacha kula, akawa anasimama amekunja mgongo, viwiko vimetanuka, anaguna akishuka mteremko. Tulimtibu ndigana, ile homa ya kupe, wiki nzima. Alipokufa daktari wa mifugo akampasua, akakuta msumari wa inchi tatu umetoboa hadi moyoni. Nina wengine 14. Je, detekta inaweza kusafisha zizi na malisho? — Mfugaji mwenye uchungu*

Pole sana, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Watu huandika kuhusu pete kwa machozi, na ng'ombe aliyekuwa akinywesha watoto maziwa hufukiwa kimya kimya.

Ng'ombe hakagui anachomeza. Ulimi unakusanya, koo linapokea, na kutafuna kunakuja baadaye. Chuma ni kizito, kwa hiyo kinaangukia tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, na hapo kinakaa. Tumbo hilo likijibana kusukuma chakula, ncha inachoma ukuta. Mbele ya ukuta huo kuna kiwambo, msuli unaotenga tumbo na kifua, na upande wa pili wa kiwambo hicho, sentimita chache tu, kuna moyo. Mimba kubwa na uchungu wa kuzaa huongeza msukumo. Dalili ulizozitaja, mgongo uliokunjwa, viwiko vilivyotanuka na kuguna kwenye mteremko, ndizo hasa dalili zake. Usijilaumu kwa kufikiri ndigana; wengi wangefikiri hivyo.

Detekta itakusaidia, na kwako ni kazi rahisi kuliko kwa mama wa Serere, kwa kuwa unakitafuta chuma chenyewe na hakuna cha kubagua. Lakini jiulize kwanza msumari ulitoka wapi. Mimi nimekuta vyanzo vitatu tena na tena. Cha kwanza ni majivu. Mnawasha moto zizini jioni kufukuza nzi, mnatumia mbao za zamani na nguzo zilizovunjika, mbao inaungua na misumari inabaki, kisha majivu yanamwagwa malishoni. Tairi likichomwa ni baya zaidi, linaacha waya mwembamba mgumu kama sindano. Cha pili ni seng'enge: kila anayeikarabati hukata vipande na kuviacha palepale. Cha tatu ni mashine ya kukatia majani. Waya mmoja ukiingia humo pamoja na nyasi unatoka vipande 20, na vyote vinaenda horini.

Anza na sumaku kabla ya detekta. Spika kubwa mbovu ina sumaku nzuri nyuma yake. Fungeni mbili au tatu chini ya ubao, mfunge kamba, mburute zizini na kuzunguka hori, mkiukagua ubao kila hatua kumi. Yanayobaki chini ya samadi ndiyo kazi ya detekta. Usitafute karibu na ua wa seng'enge, utasikia ua tu. Hapo tumia macho na mikono. Majivu yote yapite juu ya sumaku kabla hayajatoka zizini.

Kwa wale 14, zungumza na daktari wako kuhusu sumaku ya kumezwa. Ni laini, haina kona, ina urefu wa kidole. Ng'ombe anaimeza mara moja, inakaa kwenye tumbo lile la pili maisha yake yote, na msumari ukija unanata kwake badala ya kuchoma ukuta. Haishiki shaba wala alumini, kwa hiyo usafi wa zizi haukwepeki. Na mtu akija kukupimia ng'ombe kwa detekta ubavuni akasema huyu analia, huyu mgonjwa, usimchinje kwa neno hilo. Ng'ombe wengi wazima wana chuma tumboni. Mlio unasema chuma kipo, hausemi kinachoma.

*Afande, plau imegonga kitu cha chuma, kama yai kubwa lenye mkia wa mapezi ya bati. Nimekiweka chini ya mti. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita Ijumaa. Kina thamani? — Mkulima, Nwoya*

Mkulima huyu nilimpigia simu dakika ile ile niliyoisoma barua yake, na kitu hicho kimeshaondolewa na wanaohusika. Naichapisha kwa ajili ya wengine. Ni bomu la kurushwa kwa mota, yaani mzinga mdogo wa bomba. Kutu hailitulizi, huliharibu na kulifanya lisitabirike.

Ukikuta kitu kama hicho, usikiguse, usikisogeze hata hatua moja, usikimwagie maji wala kukichomea majani. Simamisha ng'ombe, rudi kwa nyayo zako ulizokujia. Weka matawi kuzunguka kwa mbali ili watu waone, mtu mzima abaki kuzuia watoto, na piga 999 au 112. Tangazo la 2012 lilihusu mabomu ya kutegwa ardhini. Vita huacha pia risasi, guruneti na makombora yasiyolipuka, na hayo jembe linaweza kuyaibua bado, Acholi, Kasese, hata hapa Luweero. Ndiyo maana katika mashamba yaliyopiganiwa vita sitaki kijana mwenye detekta ya dukani achimbe kila mlio mkubwa. Sisi tulikuwa na mafunzo ya miezi, nguo za kujikinga, na kijiti tulichokiingiza kwa mshazari wa digrii 30 ili kisigonge kitu kwa juu, na bado tulifanya kazi tukiwa na daktari pembeni. Bei ya kilo moja ya chuma chakavu hailingani na mkono wa mtoto.

*Mzee, kila msimu napoteza panga mbili kwenye migomba. Detekta gani rahisi? — Masaka*

Usinunue detekta, kaka. Nunua kopo dogo la rangi nyekundu upake mipini. Panga liko juu ya ardhi, limefunikwa na majani ya mgomba. Macho yako yanatosha yakipewa kitu cha kuona. Pakeni jioni, wakati mnahesabu vifaa.

*Mwalimu wa shule ya msingi, Kasese. Tulipokuwa tunachimba shimo la kupanda mwembe shuleni, wanafunzi wamekuta kopo lililooza lenye sarafu 23 zenye tundu katikati, na chini yake kuna kitu kingine cha chuma kinachoonekana kwa pembe tu. Mwenzangu ana detekta, anasema tuendelee. Sarafu tumezisugua kidogo kwa majivu zing'ae. Je, ni mali? Ni za nani?*

Mwalimu, ahsante kwa kuandika kabla ya kuendelea, na kwa huko Kasese nasema hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza umeisoma hapo juu: kona ya chuma isiyojulikana, katika wilaya ile, haichimbwi na watoto wala na mwenzako. Piga simu polisi waje waione. Kama ni sanduku la mtu, mtakuwa mmepoteza asubuhi moja.

Sababu ya pili ni sarafu zenyewe. Sarafu zenye tundu ni za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki: senti moja, senti tano, senti kumi, zilizotumika Uganda, Kenya na Tanganyika kabla Uganda haijapata shilingi yake mwaka 1966. Wazee wetu walizitunga kwenye kamba, kama walivyotunga simbi, makombe madogo ya pwani, zamani zaidi, ambazo ndizo zilizowapa Waganda neno *ensimbi*, fedha. Angalia, mwaka umeandikwa kwenye kila moja. Zilitolewa nyingi sana, kwa hiyo usitegemee utajiri, lakini kopo lililofukiwa na mtu kwa makusudi ni habari, na habari hiyo imo kwenye namna zilivyolala. Acheni kuzisugua. Majivu yanakula uso wa sarafu na kuufuta mwaka wenyewe.

Nikusimulie kisa ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Novemba 1992, kijijini Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu mwenye detekta, amsaidie kuitafuta. Lawes akasikia mlio, akachimba, akaanza kutoa sarafu za dhahabu na fedha za Warumi. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wasingeliweza: akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Kesho yake wakaja wanaakiolojia, wakakuta sarafu karibu 15,000, vijiko, bangili na mikufu, na kwa kuwa hakuna aliyefukua ovyo waliweza kuona hata namna vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku lililokwisha kuoza. Lawes alilipwa tuzo ya pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Na nyundo ilipatikana pia. Iko kwenye Makumbusho ya Uingereza, London.

Kwa hiyo, mwalimu, msiiguse hiyo kona, na mzungushie kamba kwa mbali. Sarafu 23 zitieni kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, zisishike unyevu. Polisi wakishaikagua ile kona, wape wanafunzi daftari: mmoja achore shimo, mmoja apime kwa rula kina ambacho kopo lilikuwapo, mmoja aandike tarehe na majina ya waliokuwapo, mmoja aende kumwuliza mzee jirani nani aliishi hapo kabla ya shule. Kisha ipelekeni barua Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira, Kampala, pamoja na mchoro wa watoto. Mwembe upandeni hatua kumi kando.